Milima ya Nyanda za Juu za Kusini: Darasa la Sayansi na Chanzo cha Maji

Mwanafunzi afunguapo kitabu cha jiografia hukutana mara nyingi na picha za milima ya Alpi huko Uswisi: mabonde ya kijani, maua ya kiangazi na vilele vinavyogusa mawingu. Ni mara chache akumbushwapo kwamba mandhari yanayofanana na hayo yapo hapa kwetu, katika nyanda zinazoanzia Mbeya, zikapita Njombe na kuishia Iringa. Milima hii haina theluji ya kudumu, lakini ina mafunzo mengi kwa mtu aipandaye huku akitazama na kupima. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya mafunzo hayo, na pia kuonyesha kwa nini hali ya vileleni inamhusu hata mtu aishiye mamia ya kilomita kutoka huko.

Jinsi milima ilivyoumbwa

Milima ya Alpi ilitokea pale vipande viwili vya gamba la dunia viliposukumana, miamba ikajikunja na kuinuka. Milima ya Mbeya ina historia iliyo kinyume cha hiyo. Hapa gamba la dunia linavutwa na kupasuka. Karibu na Mbeya hukutana matawi matatu ya Bonde la Ufa: moja huelekea Ziwa Rukwa, la pili huelekea Ziwa Nyasa, na la tatu ni uwanda wa Usangu. Mahali gamba lilipopasuka, mawe yaliyoyeyuka yalipata njia ya kutokea, na kwa muda wa mamilioni ya miaka yakajenga milima ya volkano.

Mkubwa kati ya milima hiyo ni Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Kilele cha Mtorwi, kilichoko upande wa mashariki katika safu ya Kipengere, kinalingana nao kwa kimo, hata tofauti yao hukadiriwa kuwa mita moja tu. Kiasi cha miaka 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu nyingi na kutapanya majivu na mawe mepesi yenye vitundu vitundu juu ya eneo kubwa. Leo kileleni ipo kasoko pana iliyobomoka upande mmoja. Jirani yake, Mlima Kyejo, ulitoa lava mnamo mwaka 1800. Kwa hiyo milima hii imelala tu, haijafa.

Kutoka Tukuyu hadi kileleni

Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu aanzapo kupanda Rungwe hupita kwanza katika mashamba ya migomba, chai na kahawa. Kisha huingia katika msitu mnene wenye mikangaga mirefu kama miti na matawi yaliyofunikwa na kuvumwani. Juu zaidi hukuta mianzi, na hatimaye miti huwa mifupi, ikatoa nafasi kwa vichaka na nyasi. Katika safari ya siku moja huwa amepita tabaka za mimea ambazo, kama angesafiri katika nchi tambarare, zingemhitaji kwenda masafa marefu sana.

Sababu kubwa ni joto. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi kilele cha Rungwe kina baridi kuizidi Tukuyu kwa kiasi cha nyuzi 9. Kanieneo ya hewa nayo hupungua. Kwenye kimo cha mita 3,000 imebaki kama sehemu saba kwa kumi ya ile ya pwani. Kila pumzi ina oksijeni pungufu, na ndiyo maana hata kijana mwenye nguvu huhema.

Badiliko hilo la kanieneo hata mpishi hulifahamu. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa iliyo juu yake. Pwani hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Mjini Mbeya, ulioko kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,700, hutokea kwenye nyuzi 94 hivi. Na kileleni Rungwe, karibu nyuzi 90. Mtu anayeongeza kuni ili maharage yaive upesi huongeza mvuke tu, wala hayazidishi maji joto.

Kwa nini Tukuyu kuna mvua nyingi?

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Mbeya, ulio karibu sana nao, hupata kiasi cha 900, na uwanda wa Usangu kati ya 600 na 700. Upepo utokao upande wa Ziwa Nyasa hubeba unyevu mwingi. Ukikutana na ukuta wa milima hulazimika kupanda. Hewa inapopanda hutanuka, inapotanuka hupoa, na mvuke hugeuka kuwa matone. Upepo ufikapo ng'ambo ya milima huwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maji yake, tena hushuka na kupata joto. Hivyo nchi iliyo nyuma ya milima hukaa katika kivuli cha mvua.

Maua ya Kitulo

Mashariki ya Rungwe uko uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha kiasi cha mita 2,600. Uwanda huu uko mpakani mwa Mbeya na Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Usiku wa miezi ya Juni na Julai huanguka sakitu, na nyasi hukauka; lakini mvua zinaponyesha, tangu Novemba hadi Aprili, uwanda hujaa maua. Aina zaidi ya 40 za okidi zimeorodheshwa hapo. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, na sifa yake kubwa ni mimea kuliko wanyama.

Okidi za ardhini huwa na viazi vidogo chini ya ardhi. Nchini Zambia viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Mahitaji yalipozidi okidi za huko, wafanyabiashara waligeukia nyanda zetu, na mamilioni ya viazi yakachimbwa. Mwanakijiji achimbaye hupata fedha ya chumvi na daftari za watoto, na si haki kumlaumu bila kumfikiria. Hata hivyo biolojia ya mmea huu haina huruma. Anayechimba kiazi huuua mmea mzima. Tena mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, wala haimei mpaka ikutane udongoni na kuvu wa kuilisha. Kwa hiyo okidi haipandwi kirahisi kama viazi mviringo, na eneo lililochimbwa huchukua miaka mingi kurejea.

Misitu ya Iringa

Tukifika Iringa tunakuta milima ya namna nyingine. Udzungwa, yenye vilele vinavyozidi mita 2,500, haikujengwa na volkano bali ni miamba geu ya kale sana iliyoinuliwa. Misitu yake imepata unyevu wa bahari kwa mamilioni ya miaka, na viumbe waliotengwa humo wamebadilika kwa njia yao wenyewe. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini katika msitu wa Ndundulu waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya chungu cha mchuzi. Alikuwa kwale wa Udzungwa, ambaye sayansi haikuwa imemwandika.

Kisa cha kipunji kinafundisha zaidi. Wenyeji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyu, na baadhi ya wageni wakidhani ni hadithi tu. Watafiti walimwona Rungwe na Livingstone mwaka 2003, na wengine wakamkuta Ndundulu mwaka 2004. Mwaka 2006 aliundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hapatikani popote pengine duniani. Mwanafunzi ajifunze hapa kwamba maneno ya wazee yanastahili kuchunguzwa kabla ya kukataliwa.

Milima na maji

Mto Kiwira na mito mingine ya Rungwe hushuka kwenda Ziwa Nyasa. Lakini mito ya upande wa kaskazini, kama Mbarali, Kimani na Chimala, huteremka Usangu na kuunda Ruaha Mkuu. Maji hayo hulima mpunga, hulisha bwawa la Ihefu, hunyweshea wanyama wa Hifadhi ya Ruaha, huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na kuingia Mto Rufiji.

Udongo wa milimani, uliojaa majivu ya volkano na mboji, hufanya kazi kama sifongo: hunywa mvua ya masika na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Nyasi zikichomwa ovyo na miteremko ikilimwa bila matuta, mvua hukimbia juu ya ardhi, ikaleta mafuriko leo na ukame kesho. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sababu iliyo kubwa ni maji mengi kuchepushwa na kutumika huko Usangu. Lakini mto ambao tayari unanyweka kiasi hicho hauwezi kustahimili chanzo chake nacho kikiharibiwa.

Ziara ya shule

Walimu wanaokusudia kuwapeleka wanafunzi mlimani wachague miezi ya kiangazi, ingawa wapendao maua itawabidi wavumilie mvua. Waombe kwanza kibali: Rungwe ni hifadhi ya misitu ya mazingira asilia, na Kitulo iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa. Wachukue mwongoza njia mwenyeji, waanze safari alfajiri, na wageuke kabla mawingu ya alasiri hayajafunika njia. Kila mmoja awe na sweta na koti la mvua, kwani nguo iliyolowa penye upepo hunyonya joto la mwili upesi. Mimea ichorwe au ipigwe picha, isichumwe.

Maswali kwa wanafunzi

1. Pimeni joto la hewa kila mnapopanda mita 200. Je, linapungua sawasawa na wastani uliotajwa? Kama sivyo, mawingu, kivuli na saa za siku vinachangia vipi?

2. Chemsheni maji shuleni na kupima joto lake. Kutokana na kipimo hicho, kadirieni kimo cha shule yenu.

3. Mwagieni maji kiasi kilekile juu ya ardhi yenye nyasi na juu ya ardhi tupu yenye mteremko sawa. Pimeni maji yanayotiririka, kisha mjadili jibu lenu na wazee wa kijiji wanaoukumbuka mto wao ulivyokuwa zamani.