Utangulizi: Nguo Yetu na Mnunuzi wa Mbali

Kurasa zinazofuata zinahusu bidhaa ambazo hakuna nyumba isiyokuwa nazo: nguo, viatu, sabuni, mikeka, sufuria. Viwanda vya bidhaa hizi ndivyo vilivyotangulia karibu kila mahali palipojengwa uchumi wa viwanda, kwa sababu huajiri watu wengi, havidai mitambo mikubwa kama ya chuma, na soko lake la kwanza liko mlangoni. Swali letu ni moja, ingawa lina matawi mengi: ni nini kinachoiwezesha bidhaa ya namna hiyo kuvuka mpaka, ikanunuliwa na mtu asiyemjua aliyeitengeneza, kisha mtu huyo akarudi kuitaka tena?

Elimu hii imejengwa na wanauchumi, wanahistoria, wahandisi, wanasheria wa biashara na wafanyabiashara wenyewe. Si lazima uwe mmoja wao ili uingie. Mfano wetu mkuu utakuwa nguo za Afrika Mashariki, kwa kuwa ndani ya nguo zimo karibu changamoto zote za sekta hii: kilimo, umeme, mtaji, ujuzi, sheria za kimataifa na ladha ya mvaaji.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Kariakoo au Marikiti methali hiyo ni kweli tupu, maana mnunuzi hukishika kitambaa kwa mkono wake na muuzaji anamfahamu. Soko la mbali lina kanuni nyingine. Huko chema kisichojulikana hubaki ghalani, na kinachojulikana lakini kikachelewa kufika hurudishwa. Hoja ya kitabu hiki ni kwamba kuuza nje ni ujuzi unaofundishika: ujuzi wa kumjua mnunuzi wa mbali, na wa kumtimizia ahadi ileile mara ya kwanza, ya pili na ya kumi.

Historia ya pwani yetu inatoa ushahidi wa hoja hiyo kutoka pande zote mbili, ya kuuza na ya kununua. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa mjini hapo zikipelekwa hadi Misri na kwingineko. Basi kuuza nguo ng'ambo si jambo geni kwetu. Karne tano baadaye mkondo ulikuwa umegeuka. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilizidi kuleta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho watu wa pwani na bara walikiita merikani. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha kwamba aliyeongoza biashara hiyo alikuwa mnunuzi wa Kiafrika. Kitambaa kilichopungua uzito au upana kilikataliwa bara, habari zikarudi Zanzibar, zikavuka bahari hadi Salem, na viwanda vikajirekebisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 na pamba ikaadimika, Waingereza na baadaye viwanda vya Bombay waliingia katika pengo hilo, wakiiga kile ambacho wateja wetu walikuwa wamekizoea.

Kanga ilipita njia kama hiyo. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani, kwa ajili ya wanawake ambao wachapaji hawakuwahi kuonana nao. Wafanyabiashara wa Mombasa na Zanzibar ndio waliokuwa macho na masikio ya viwanda hivyo: walijua pindo lipi limechoka, rangi ipi inatakiwa msimu wa harusi, jina lipi litagombewa dukani. Somo hapa ni zito. Wageni waliweza kutuuzia vazi letu wenyewe kwa sababu walitusoma kwa bidii. Mwanafunzi wa elimu hii anatakiwa ajifunze kuwasoma wengine kwa bidii hiyohiyo.

Tukitoka kwa mnunuzi twende kwenye mnyororo wa uzalishaji. Pamba huvunwa Simiyu, Shinyanga na mikoa jirani ikiwa pamba mbegu. Kiwanda cha kuchambua hutenga nyuzi na mbegu zake. Kilo 100 hutoa takriban kilo 35 hadi 40 za pamba nyuzi, zinazofungwa marobota. Kisha huja kusokota nyuzi, kufuma kitambaa, kutia rangi na kuchapa, na mwisho kukata na kushona. Tanzania huuza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa bado ni marobota. Wakati huohuo, viwanda vya kushona vya Athi River nchini Kenya hutegemea sana vitambaa vinavyoagizwa kutoka Asia. Mwanzo wa mnyororo tunao, na mwisho wake tunao. Kinachokosekana ni katikati: kusokota, kufuma na kutia rangi.

Huko katikati ndiko kugumu kuliko kote. Umeme ukikatika, kitambaa kilicho mashineni kinaweza kubaki na mstari pale mashine iliposimama, na mkaguzi wa mnunuzi atauona. Maji yakibadilika, rangi ya mzigo wa Juni haitafanana na ya mzigo wa Mei, na duka lililoagiza mashati elfu kumi ya rangi moja haliwezi kuyapokea. Mtaji unaohitajika ni mkubwa na hurudi polepole, hali mikopo yetu ni ya muda mfupi na riba yake ni kubwa. Mafundi wa kutia rangi na kutengeneza mitambo hawapatikani kwa tangazo la wiki moja.

Nchi zetu zimewahi kujaribu kuijaza sehemu hiyo. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Vikafuata vya Mwanza, Musoma na kwingine. Eldoret ilipata Rivatex, na Jinja ilikuwa na Nytil tangu miaka ya 1950. Viwanda hivi viliwavisha watu wetu na kufundisha maelfu ya wafanyakazi, na tunavitaja kwa heshima. Lakini vingi vilijengwa kwa ajili ya soko la ndani lililolindwa. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilipokwisha, kisha milango ya biashara ikafunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vilikutana na ushindani ambao havikuwa vimeandaliwa kuukabili.

Kuhusu chanzo cha kuanguka huko, wataalamu hawajaafikiana, na ni vizuri uujue ubishi huo mapema. Garth Frazer, katika utafiti wa mwaka 2008, aliona kwamba nguo za mitumba zilichangia sehemu kubwa ya kushuka kwa ushonaji barani Afrika. Andrew Brooks na David Simon, wakiandika mwaka 2012, walitahadharisha kwamba mitumba isibebeshwe lawama yote. Sera za kulegeza biashara na kudhoofika kwa kipato cha wananchi navyo vina sehemu yake. Mwanafunzi makini atasoma pande zote mbili kabla ya kuamua.

Baada ya mnunuzi na mnyororo, mlango wa tatu wa kuingilia elimu hii ni sheria za masoko. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia bila ushuru. Uzito wake unaonekana kwenye tarakimu: fulana ya pamba kwa kawaida hutozwa huko asilimia 16.5, na ya nyuzi za viwandani asilimia 32. Zaidi ya hayo, nchi nyingi ziliruhusiwa kushona kwa kitambaa kilichotoka popote. Ruhusa hiyo ilileta ajira, hasa za wanawake vijana, lakini ilipunguza sababu ya kununua kitambaa cha nyumbani. Kisha mwishoni mwa mwaka 2004 mfumo wa dunia wa kuwekea nguo viwango vya uagizaji ulikoma, China ikapata nafasi pana, na baadhi ya viwanda vya Kenya vikafungwa.

Upendeleo wa namna hii pia huweza kuondolewa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia mwaka 2016 kuachana na mitumba. Rwanda iliposhikilia ushuru wake wa mitumba, nguo zake zilisimamishiwa faida za AGOA mwaka 2018. Uganda nayo, kwa sababu tofauti, iliondolewa katika mpango huo Januari 2024. Nyongeza ya miaka 10 iliyopitishwa mwaka 2015 ilifika ukomo Septemba 2025. Cherehani zinaweza kupakiwa na kuhamishiwa nchi nyingine. Kiwanda cha kufuma hakihami kirahisi hivyo. Ndiyo maana mwekezaji husita kujenga kiwanda cha kudumu juu ya sheria yenye tarehe ya mwisho, na ndiyo maana katikati ya mnyororo hubaki wazi hata mlango wa soko ukiwa wazi.

Je, yupo aliyefaulu? Mauritius ilipitisha sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje mwaka 1970. Fedha za wenye mashamba ya miwa ziliungana na ujuzi wa wawekezaji wa Hong Kong. Baada ya kushona wakajenga usokotaji, na mishahara ilipopanda sehemu ya kazi ilihamishiwa Madagaska. Hawakubaki palepale walipoanzia. Mtanzania Samuel Wangwe, katika kitabu alichohariri mwaka 1995 kuhusu teknolojia na mauzo ya nje ya Afrika, alituelekeza tuangalie ndani ya kampuni, namna inavyojifunza kuutumia na kuuboresha ufundi wake. Kazi hiyo bado ni ya kusomwa kwa makini.

Matumaini yapo, na tuna sababu ya kuyataja. Sabuni, mafuta ya kula na vyombo vya plastiki tayari huvuka mipaka ya Namanga na Malaba. Soko la jirani ni darasa la kwanza la kuuza nje. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza biashara rasmi Januari 2021, na nguo zikiwa na kanuni zilizo wazi za uasili, yaani za kuthibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, pamba ya Simiyu inaweza kuvaliwa Accra. Soko la Ulaya liko wazi bila ushuru kwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi kupitia mpango wa mwaka 2001, na kwa Kenya kupitia mkataba ulioanza kutumika Julai 2024. Wakulima wa Meatu wamelima pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990, bidhaa ambayo mnunuzi wa Ulaya huitafuta akitaka kujua ilikotoka. Na kanga na kitenge vina wateja kila walipo watu wetu, mradi michoro ipate ulinzi wa haki miliki kabla haijanakiliwa na kurudishwa kwetu kwa bei ya chini.

Unaposoma, tunakuomba uipime kila sera na kila kiwanda kwa maswali matatu. Mnunuzi ni nani hasa, na nani ameenda kumsikiliza? Ni hatua gani za kazi zinafanyika hapa, na zipi zinalipiwa kwingine? Ahadi iliyotolewa leo itaweza kutimizwa mwaka ujao, umeme, maji, mkopo na sheria vikiwa kama vilivyo? Hotuba nyingi kuhusu viwanda hujibu swali la pili peke yake. Tunaamini kizazi kitakachoyajibu yote matatu kwa pamoja ndicho kitakachouza nguo iliyokamilika badala ya robota, na tumeandika kitabu hiki kwa ajili yake.