Maikrofoni ya Kazi na Kinasa Sauti Kidogo

Ndugu wafanyakazi wa sauti, wengi wetu tunaorekodi ngoma Gitega au harusi Muyinga tuna kinasa sauti kidogo cha mkononi, na maikrofoni ya kazi tunaiazima. Plagi ikiingia, twadhani mambo yamekwisha. Sivyo.

Maikrofoni hiyo ina pini 3. Ya 1 ni ya ardhi. Ya 2 na ya 3 hubeba sauti ileile moja, lakini kinyume kwa kinyume. Tundu dogo la milimita 3.5 hungojea sauti ya kushoto na ya kulia. Waya ukipeleka pini 2 kushoto na 3 kulia, masikioni utasikia kitu. Kwenye redio au simu yenye spika moja pande hizo huuana, mwimbaji hutoweka. Mwenye harusi atakataa kulipa, na ana haki. Fundi aunge pini 2 kushoto na kulia pamoja, pini 1 na 3 kwenye ardhi. Waya huo ni chombo cha kazi: anayetuajiri aulipie.

Maikrofoni za kondensa ni habari nyingine. Hutaka volti 48, na tundu dogo halizitoi. Tafuteni kinasa sauti chenye matundu ya pini 3.

Ngoma za kifalme, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, zina kishindo. Pale Gishora simameni mbali, mpunguze kiwango kabla hazijaanza. Sauti iliyopasuka haitengenezeki nyumbani. Mpiga inanga huimba kwa kunong'ona: msogeleeni.