Je, Wajua? Raha za Kila Siku na Vitu Vinavyotupa Raha Hizo

Kuna kikopo kidogo ambacho kazi yake ni moja tu: kuamua mtoto wa chini ya miaka mitatu achezee nini. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 31.7, na kina chake kimekatwa mshazari, milimita 25.4 upande mmoja na 57.1 upande wa pili. Vipimo hivyo vinakisia koo la mtoto mdogo linapotanuka. Marekani ilikiingiza kwenye kanuni zake za usalama wa bidhaa, zikaanza kutumika mwaka 1980. Kichezeo, au kipande kilichobanduka kwenye kichezeo, kikizama chote humo bila kusukumwa, hakiuzwi kwa watoto wa umri huo.

Sasa kichukue kikopo hicho hadi Rugu, wilayani Karagwe, msimu wa kuvuna maharage. Turubai limetandazwa uani, watu wazima wanapiga maharage kwa fimbo, na mtoto wa mwaka na nusu amekaa pembeni akichambua punje zenye madoa mazuri kuliko nyingine. Kila punje aliyoishika ingezama kwenye kikopo, tena ikabaki na nafasi. Na maharage yana tabia ambayo shanga haina: yakipata unyevu huvimba. Punje iliyoingia puani asubuhi ikiwa inacheza, jioni imebana, na mtoto ameanza kutoa kamasi zenye harufu upande mmoja.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ya punje hiyo ni mdomo wa mzazi? Mama au baba anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, anaziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, kisha anapuliza mara moja kwa nguvu. Hewa huzunguka nyuma ya kaakaa na kuisukuma punje nje. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1965 na daktari Vladimir Ctibor wa New Jersey, na wataalamu waliokusanya taarifa zake baadaye wakaona inafaulu kama mara sita katika kila mara kumi. Isipofaulu, twende zahanati. Kijiti, pini ya nywele na ncha ya kalamu viwekwe mbali kabisa, kwa kuwa huipeleka punje ndani zaidi.

*

Je, wajua kwamba kopo lilitangulia kifungua kopo kwa takriban miaka 45? Peter Durand alipata hataza ya kopo nchini Uingereza mwaka 1810. Kifaa cha kulifungulia kilikuja mwaka 1855 kwa mkono wa Robert Yeates, Mwingereza pia. Katikati hapo watu walifungua nyama yao kwa patasi na nyundo.

Habari ya kopo inatuhusu kwa karibu. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, inajulikana kwa madini ya bati. Ni utando mwembamba wa madini hayo unaozuia chuma cha kopo kisishike kutu. Kopo likiisha kazi jikoni, watoto hulichukua: linakatwa, linakunjwa, linatobolewa, na kandambili iliyochakaa inatoa magurudumu manne. Gari hilo lina kila sifa isipokuwa moja, nayo ni ukingo. Kopo lililokatwa kwa kisu huacha makali yanayochana kiganja.

Hapo ndipo inapokuja imani iliyoenea kwamba pepopunda huletwa na kutu. Kutu haileti pepopunda. Bakteria wake, Clostridium tetani, hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na kibanja cha migomba, kama ijulikanavyo Kagera nzima, hustawi kwa samadi. Kopo jipya linalong'aa, likiwa limeangukia kwenye samadi, ni la kuogopwa kuliko msumari wenye kutu uliokaa juu ya rafu. Ndiyo maana chanjo anayopewa mtoto Tanzania akiwa na wiki 6, 10 na 14 ina kinga ya pepopunda ndani yake. Kadi ya kliniki ni sehemu ya kila gari la kopo.

*

Mwaka 1950 kampuni ya A. C. Gilbert ya Marekani ilitoa sanduku la kuchezea la watoto lenye vipande vya madini ya urani na kipimo cha mionzi, kwa bei ya dola 49.50. Mwaka uliofuata liliondolewa sokoni. Kilicholishinda ni bei kubwa na wanunuzi wachache. Sheria ya kulizuia haikuwepo.

*

Je, wajua kwamba njiti ya kiberiti cha leo inawaka nusu tu, na nusu nyingine iko kwenye kisanduku? Kichwa cha njiti kina klorati ya potasiamu. Ule ukanda wa pembeni una fosforasi nyekundu na unga wa kioo. Vikikaa mbali vinatulia, vikisuguana moto unatoka. Ndiyo sababu ukiikwaruza njiti kwenye ukuta wa tofali hupati kitu.

Haikuanza hivyo. John Walker, mfamasia wa Stockton-on-Tees huko Uingereza, alianza kuuza njiti za kusugua mwaka 1827. Miaka michache baadaye watengenezaji wakaweka fosforasi nyeupe kichwani, na njiti ikawa inawaka popote: kwenye soli ya kiatu, kwenye jiwe, kwenye suruali. Watu waliifurahia mno. Kumbe waliozichovya njiti hizo viwandani, wengi wao wasichana, walikuwa wakivuta moshi wa fosforasi siku nzima. Sumu ilipenya kupitia meno mabovu hadi kwenye mfupa, na taya likaoza mtu akiwa hai. Wengine walikatwa taya ili wapone, wengine hawakupona. Na sumu iliyokuwa kwenye kisanduku kimoja ilitosha kumuua mtu akizila njiti hizo.

Linaloniuma katika habari hii ni tarehe. Msweden Gustaf Erik Pasch aliitenganisha fosforasi na kichwa cha njiti mwaka 1844, na ndugu wawili wa ukoo wa Lundström mjini Jönköping wakaigeuza kuwa biashara kubwa. Jibu lilikuwepo, linauzwa dukani. Finland ikapiga marufuku fosforasi nyeupe mwaka 1872 na Denmark mwaka 1874. Lakini London, mwaka 1888, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May bado walikuwa wakichovya ileile walipogoma kwa sababu ya mishahara duni, faini na kufukuzwa kwa mwenzao. Mkataba wa kimataifa ulitiwa saini mjini Bern mwaka 1906, na Uingereza yenyewe iliizuia kuanzia mwaka 1910. Miaka 66 ilipita kati ya dawa kupatikana na mgonjwa kupewa, na katikati palikuwa na sababu kubwa: fosforasi nyeupe ilikuwa rahisi zaidi kwa mwenye kiwanda.

Watoto wetu nao wana raha yao ya kiberiti. Karibu na Krismasi utawaona wakikwangua vichwa vya njiti na kuvisindilia kwenye tundu la spoki ya baiskeli ili wapate mlio. Klorati ambayo mtengenezaji aliigawa kidogokidogo kwa makusudi, mtoto anaikusanya mahali pamoja, na jicho lake liko karibu. Mpe mtoto huyo filimbi, ngoma, hata sufuria bovu la kupiga.

*

Mpira wa chandimu ulibadilika tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania. Kabla ya hapo mpira wa mtaani ulikuwa rambo lililojazwa marambo na kufungwa kamba. Penye migomba watoto hawakuwa na shida kubwa, kwa kuwa maganda makavu ya mgomba yanasokotwa, yanaviringishwa na kukazwa kwa kamba zake yenyewe hadi yanadunda kidogo. Mpira huo ukioza unakuwa mbolea, na ng'ombe akiutafuna hadhuriki kama aliyemeza rambo.

*

Je, wajua kwamba ukaguzi mmoja wa bidhaa wa jadi katika nchi za Maziwa Makuu ni mwenye pombe kuonja kwanza? Ndizi za pombe huvundikwa, humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi hadi juisi itiririke, kisha hutiwa maji na mtama uliokaangwa ukasagwa, na kufunikwa ndani ya mtumbwi wa mbao ilale. Kesho yake rubisi iko tayari. Kabla mgeni hajapokea kibuyu, mwenyeji anapiga funda mbele ya macho yake. Tendo hilo dogo lina mambo matatu ambayo sheria za leo za walaji zimeyahangaikia sana: mtengenezaji anajulikana, anasimama mbele ya mnywaji, na dhara likiwepo linaanza naye.

Ni utaratibu wenye akili, nami nauheshimu. Ila kuna sumu moja inayoupita chini kwa chini. Methanoli ina harufu na ladha inayofanana na ya kilevi cha kawaida. Aliyeionja haoni kitu saa ileile. Ini linaivunja taratibu hadi kuwa asidi ya fomiki, na mara nyingi saa 12 hadi 24 hupita kabla ya tumbo kuuma, pumzi kupanda na macho kuona ukungu mweupe. Akiwa amekunywa kilevi cha kawaida pamoja nayo, dalili huchelewa hata zaidi, maana ini hushughulika na kile kingine kwanza. Mwenyeji anaweza kuonja kwa moyo safi, akamkaribisha mgeni, wakalala wote wazima, wakaamka wote vipofu.

Rubisi yenyewe haipikwi kwa mvuke, na vifo vya halaiki havitokani nayo. Vinatokana na pombe kali iliyoongezwa methanoli ya viwandani ili iwe nyingi na kali kwa gharama ndogo. Mwezi Aprili 2010 watu wapatao 80 walikufa wilayani Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, kwa waragi wa namna hiyo. Nairobi, Novemba 2000, walikufa zaidi ya 100. Kenya ikazika tena makumi ya watu Mei 2014. Hospitali huwa na tiba, mgonjwa akifika mapema, na kuchelewa ndiko kunakoua: ndugu humwacha "alale pombe iishe", kumbe analala ili asiamke. Mtu aliyekunywa jana na leo haoni vizuri apelekwe hospitali leo hiihii, pamoja na wote aliokunywa nao, hata wanaojisikia wazima.

Tanzania ilichukua hatua kuhusu njia ya kuuza pale viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kiroba kiliingia kwenye mfuko wa sare ya shule bila kuonekana, na bei yake iliwezwa na mwanafunzi.

Funda la mwenyeji lilihitaji msaidizi mwenye maabara. Msaidizi huyo kwetu ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililotokana na sheria ya mwaka 1975 na kuanza kazi Aprili 1976. Tangu mwaka 2019 limebeba pia chakula na vipodozi, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Na kila tarehe 15 Machi ni Siku ya Haki za Mlaji Duniani, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alilipelekea Bunge la Marekani ujumbe wenye haki nne za mnunuzi: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Haki ya pili ni ya kutumiwa hata kwenye duka la mbao la kijijini. Uliza krimu hii ina nini, imekwisha muda lini, nani ameitengeneza. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zimewaharibu watu figo, na lebo iliyofutika au iliyobandikwa juu ya lebo nyingine ni sababu tosha ya kuirudisha kwenye rafu.

*

Na hii ya mwisho naiandika kwa wenye nyumba zenye watoto wanaotambaa. Je, wajua kwamba kifuniko cha dawa kinachotaka ubonyeze ndipo uzungushe kilitokana na uchovu wa daktari mmoja? Henri Breault wa Windsor, Ontario, nchini Kanada, alichoka kupokea watoto waliokunywa dawa za wakubwa, akahimiza kitengenezwe kifuniko ambacho mkono wa mtoto hauwezi kukifungua. Kikapatikana mwaka 1967, na sumu za watoto katika eneo lake zikapungua sana. Marekani ikatunga sheria ya vifungashio hivyo mwaka 1970.

Kazi yote ya Breault huishia pale mafuta ya taa au dawa ya kuogesha ng'ombe inapomiminwa kwenye chupa ya soda. Mtoto ameshajifunza kwamba chupa ile ina kitu kitamu, kifuniko chake kinafunguka, na mara nyingi imewekwa chini ya kitanda au nyuma ya mlango, usawa wa macho yake. Iache dawa kwenye chombo chake chenye lebo, juu, penye kufuli. Mafuta yakishanywewa, usimtapishe mtoto, usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike: yanapopanda ndiyo yanaingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke zahanati hata kama anacheza, na ile chupa yenyewe uende nayo mkononi ili mganga aone alichokunywa.