Kinyago cha kopo la soda: uso unachorwa kwa nyuma

Wadau, kuna watu bado wanaamini somo la sanaa ni la waliofeli hesabu. Haya bwana. Leo naandika kwa ajili ya madogo walioko shule, wale wanaoambiwa hakuna vifaa kwa hiyo praktikali imefutwa. Kinyago cha bati laini mimi nilikifanya kidato cha pili, na kifaa kikubwa kilikuwa kopo la soda lililookotwa.

Ubavu wa kopo ni alumini ya unene wa kama milimita 0.1. Foili ya jikoni msihangaike nayo, inachanika. Kata juu na chini kwa mkasi, pasua ubavu, kunja kingo mara moja. Alumini inakata kama wembe, sitanii! Unapata bati la kama sentimita 20 kwa 9, yaani kinyago cha kutundika ukutani, si cha kuvaa.

Ule upande wa ndani unaong'aa ndio utakuwa mbele. Tandika gazeti nene, laza bati huku maandishi ya soda yakikutazama, kisha chora uso kwa biki iliyoisha wino. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa: pua unaibonyeza kutoka nyuma ili itokeze mbele, na jicho la kushoto linakuwa la kulia. Halafu geuza, weka juu ya meza ngumu, pitisha biki pembeni ya kila kilichotokeza. Hapo shavu linasimama kweli. Ila usilazimishe pua ndefu, maana alumini ikibonyezwa sana inakakamaa, mwisho inapasuka.

Mambo haya ni ya kale. Kinyago cha Tutankhamun wa Misri, dhahabu ya kilo 10 hivi, kiligongwa kutoka kwenye mabamba zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Sisi tuliiga mapiko ya Wamakonde. Yale ni ya mti, na chale za usoni mara nyingi hubandikwa kwa nta. Kwenye bati, mstari uliotokeza unafanya kazi ya nta.

Ukimaliza, jaza mashimo ya nyuma kwa karatasi iliyolowa gundi, la sivyo kidole kimoja tu kinaua pua. Ikikauka paka kiwi nyeusi mbele, futa kwa kitambaa. Weusi unabaki kwenye mifereji, chale zinang'aa. Bandika kwenye boksi. Mimi nilichonunua ni gundi tu, kiwi ilikuwa ya mzee nyumbani.