Mwanafunzi Anayeshika Mkia: Tafiti za Magharibi mwa Kenya na Suala la Ari ya Kujifunza

Mwanafunzi anayeshika mkia darasani huitwa mvivu au mzito. Maneno hayo humtwisha mtoto tatizo lote, na dawa inayofuata ni mahimizo au adhabu. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kurejelea tafiti tatu zilizofanyika magharibi mwa Kenya, nyingi katika eneo la Busia, linalopakana na Uganda.

Utafiti wa Glewwe, Kremer na Moulin ulihusu vitabu. Mwaka 1996 shule 25 za msingi ziligawiwa vitabu vya kiada, kisha zikalinganishwa na zile ambazo hazikuvipata. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa juu tangu awali. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na vilifuata mtaala uliomlenga mwanafunzi hodari. Kitabu kisichosomeka hakimtii mtoto ari, hata kiwe kipya namna gani.

Utafiti wa Duflo, Dupas na Kremer ulianza mwaka 2005 katika shule 121, ambazo ziliwezeshwa kumwajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Takriban nusu ya shule ziligawa wanafunzi katika mikondo miwili kwa kiwango chao cha ujuzi. Nyingine ziliwagawa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa kiwango zilikuwa mbele, na waliokuwa mkondo wa chini nao walipanda. Ikumbukwe kwamba walimu walipangiwa mikondo kwa kura. Katika shule nyingi mambo huwa kinyume: mwalimu bora hupewa watahiniwa, na walio nyuma hupewa yeyote aliyebaki. Kugawa mikondo bila kulirekebisha hilo ni kuwatenga watoto tu.

Utafiti wa Kremer, Miguel na Thornton, wa 2001 hadi 2002, ulihusu tuzo. Wasichana wa darasa la sita waliofikia asilimia 15 ya juu walilipiwa ada na kupewa fedha za mahitaji ya shule. La kushangaza ni kwamba hata waliokuwa na nafasi finyu ya kushinda waliongeza alama, na katika Busia mahudhurio ya walimu yaliimarika. Huenda mtoto dhaifu alinufaika na mwalimu aliyekuwepo kuliko na tuzo yenyewe. Katika Teso, hata hivyo, matokeo yalikuwa hafifu, na baadhi ya shule zilijitoa.

Kwa mshauri wa sera mwenye bajeti ndogo, mpangilio huu una maana. Kabla ya kununua zawadi, inafaa ajue ni watoto wangapi wanaoielewa lugha ya kitabu walichopewa, na ni mwalimu yupi aliyepangiwa mkondo wa chini.