Risiva ya Zamani: Angalia Nyuma Kabla Hujalipa



Mwaka jana tulitembelewa ofisini na akina mama watatu wa kikundi kimoja cha upande wa Makueni. Walikuwa wamebeba kitu kizito kilichofungwa kwa leso. Walipofungua tukaona risiva, yaani ile redio kubwa ya zamani yenye amplifaya ndani yake, uso wa chuma unaong'aa na vifundo vizito vya kuzungusha. Waliinunua Nairobi kwa pesa za maembe.

"Ilinguruma kidogo tu," mama mweka hazina akatuambia, "halafu ikatoa moshi. Hata wimbo mmoja hatukusikia."

Tuliigeuza nyuma, na jibu lilikuwa limeandikwa pale pale: volti 120. Ilitengenezwa kwa stima ya Marekani. Stima yetu ya Kenya ni volti 240. Transfoma ilikuwa imeungua, na kutafuta nyingine kungewagharimu kuliko bei ya risiva yenyewe. Muuzaji hakuwaambia, nao hawakujua kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Haikupita miezi miwili, wazee wa kikundi kingine, hawa wa Kitui, wakatuletea yao. Waliipata kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye nayo alisema imekufa. Tuliitazama alasiri moja. Tulirudisha kitufe kimoja mahali pake, tukasafisha vifundo vitatu, ikaimba. Mpaka leo inaimba.

Kumbe iliyong'aa ndiyo iliyokuwa na kasoro, na ile chafu ilikuwa nzima! Basi tumeona tuwaandikie jambo hili, maana vikundi vingi vinatuuliza. Kwa ufupi ni hivi: vumbi haliui risiva upesi, lakini stima isiyoifaa huiua kwa dakika moja. Uchafu usikutishe, na maandishi ya nyuma yasikupite.

RISIVA NI KITU GANI?

Ni sanduku moja lenye kazi mbili. Linashika mawimbi ya redio, halafu linaipa sauti nguvu ya kuendesha spika mbili kubwa. Zile nzuri nyingi zilitengenezwa Japani miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Majina utakayokutana nayo ni Pioneer, Sansui, Kenwood, Marantz, Technics na Sony. Miaka ile wakati redio ya taifa bado inaitwa Sauti ya Kenya (jina la KBC lilirudi mwaka 1989), nyumba yenye mashini kama hii ilijulikana kijiji kizima. Ndizo zilizopiga sahani za akina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers.

Kwa nini kikundi kiitake leo, na simu ziko? Simu ni ya mtu mmoja. Watu thelathini wakikaa chini ya paa moja kusikiliza utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba, zile tunazozitegemea zaidi huku Ukambani, au kipindi cha kilimo katika Musyi FM au Mbaitu FM, wanahitaji sauti inayofika nyuma. Wakisikia pamoja, wanajadiliana pamoja, na wanaamua pamoja siku ya kupanda.

Lakini tusidanganyane. Risiva ni ya ndani ya nyumba au ukumbi mdogo. Si ya harambee uwanjani wala ya disko. Ukiilazimisha huko itaungua. Kazi hiyo ina mashini zake.

MAMBO MATATU YA NYUMA

Ukienda kununua, iwe Luthuli Avenue kule Nairobi, iwe Machakos, Wote au mjini Kitui, usianze na uso. Igeuze. Beba tochi na miwani.

La kwanza, volti. Tafuta pameandikwa 220 au 240. Nyingine zina swichi ndogo ya kuchagua: 110, 120, 220, 240. Hiyo ni nzuri sana, lakini hakikisha imewekwa 240 kabla ya kuchomeka, na ibadilishwe plagi ikiwa nje. Ikiwa pameandikwa 100 tu, hiyo ni ya Japani kwenyewe. Ikiwa ni 120 tu, ni ya Marekani. Hizo haziwezi kutumika bila transfoma ya kushusha stima. Transfoma hiyo ni gharama nyingine, na lazima iwe na wati nyingi kuliko zilizoandikwa nyuma ya risiva. Ihesabuni katika bei kabla ya kukubaliana.

La pili, namba za FM. Hizi ziko mbele, juu ya kioo. Redio zetu za FM ziko kati ya 88 na 108. Risiva iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe huanza 76 na kuishia 90. Utainunua nzima kabisa, na usipate stesheni nyingi unazozijua. Kioo kikiishia 90, iacheni.

La tatu, spika. Karibu na matundu ya nyaya za spika pameandikwa namba ya omu, mara nyingi 8, au 4 hadi 16. Spika za gari nyingi ni omu 4. Risiva inayotaka 8 ukiifungia spika za gari, itapata joto kupita kiasi, na siku moja itanyamaza. Nunueni spika za nyumbani, na namba zilingane.

IJARIBU MBELE YA MUUZAJI

Ukiambiwa "hii ni nzuri, nenda tu nayo," kaa kitako. Pesa ni za kikundi. Mwombe muuzaji aiwashe, na wewe usikilize.

Unapoiwasha, nyingi za miaka hiyo hukaa sekunde chache halafu unasikia "tak" ndani yake. Huo ni mlango wa ulinzi unaofungulia spika. Usiposikia "tak" katika aina iliyo nao, huenda kuna ugonjwa mkubwa ndani.

Zungusha sauti polepole. Ikikwaruza kama mtu anayetembea juu ya changarawe, hilo ni vumbi, na linatibika. Sikiliza spika ya kulia, kisha ya kushoto. Upande mmoja ukija na kupotea ukigusa kifundo, tena ni vumbi. Lakini ukisikia mngurumo mzito usiopungua hata sauti ikiwa chini kabisa, au harufu ya kuungua, usinunue.

Na ikiwa imenyamaza kabisa? Kabla ya kusema imekufa, angalieni vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa TAPE MONITOR. Kikiwa kimebonyezwa, risiva inangoja sauti kutoka kwa mashini ya kaseti, na redio haisikiki. Cha pili ni swichi ya SPEAKERS, yenye A na B. Ikiwa imezimwa, au nyaya ziko A na swichi iko B, hutasikia kitu. Ile ya wazee wa Kitui "iliyokufa" ilikuwa na ugonjwa wa TAPE MONITOR. Mtoto alikuwa amekibonyeza, basi.

Iacheni iimbe nusu saa. Wekeni mkono juu yake. Joto la kawaida halina neno, lakini mkono ukishindwa kukaa, kuna kasoro.

KUISAFISHA

Vumbi letu mnalijua. Linaingia hata kwenye sanduku la nguo. Ndani ya risiva ya miaka arobaini utakuta vumbi jekundu, mayai ya mende, na pengine kiota cha nyigu wa udongo. Fuateni hatua hizi.

1. Chomoeni plagi, mwiache mpaka kesho. Hili si la mzaha. Ndani kuna vikopo vikubwa vinavyoitwa kapasita, navyo huhifadhi stima hata baada ya plagi kutoka. Hata kesho yake, msivishike wala kuingiza kidole au chuma humo chini. Kazi ya huko ni ya fundi.

2. Fungueni kifuniko kwa bisibisi, na skrubu mziweke ndani ya kikombe. Pelekeni mashini nje, kivulini. Ondoeni vumbi kwa brashi laini mpya ya rangi, mkipuliza kwa pampu ya baiskeli. Msitumie maji ndani.

3. Kwa vifundo vinavyokwaruza, nunueni dawa ya kopo ya kupuliza, ile mafundi huiita kontakti klina. Pulizeni kidogo tu kwenye upenyo wa kifundo kwa ndani, halafu zungusheni mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Swichi nazo zibonyezwe mara nyingi vivyo hivyo. Ngojeni ikauke kabisa kabla ya kuchomeka. Tumeona watu wakitia mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, hata petroli. Msifanye hivyo! Mafuta hukusanya vumbi upya, na petroli inaweza kuwachoma.

4. Mkiona bamba nyembamba nyingi zinazopishana mnapozungusha kifundo cha kutafuta stesheni, hizo msizipulizie dawa wala kuzigusa. Zikipinda, stesheni zitapotea mahali pake.

5. Kioo cha mbele kifuteni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa upande wa nje tu. Namba mara nyingi zimepakwa rangi upande wa ndani, na spiriti itaziondoa zote. Hapo mtakuwa na redio isiyo na namba.

6. Fyuzi ikiwa imekatika, wekeni nyingine ya namba ile ile. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara haitoshi kuwa fyuzi. Ni njia ya kuchoma nyumba.

Kama risiva haijawashwa kwa miaka mingi, ni heri fundi aiwashe mara ya kwanza. Fundi mzuri huipitishia stima kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya waya ndani. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, mambo ni sawa. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti, na balbu imewaokoa. Fundi asiyejua jambo hili, mtafute mwingine.

IKIFIKA NYUMBANI

Iwekeni mahali penye hewa. Tunajua mama wa nyumba atataka kuifunika kwa kitambaa kizuri cha kushona kwa mkono. Kitambaa kiwe juu ya spika, si juu ya risiva, maana matundu yale ya juu ndiyo pua zake.

Erio si lazima kununua. Chukueni waya mbili, kila moja sentimita 75, mzinyoshe ukutani moja kulia na moja kushoto. Ncha za katikati zifungwe kwenye skrubu mbili zilizoandikwa FM. Mawimbi ya FM hayapendi vilima, na sisi vilima tunavyo, Mbooni, Kilungu na kwingineko. Basi sogezeni waya huku na huku, juu zaidi, mpaka sauti isafike.

Mkitaka kupiga wimbo kutoka kwa simu, chomekeni kwenye tundu la AUX. Msichomeke kwenye PHONO. Hilo ni la mashini ya sahani peke yake, na simu ikiingia hapo sauti hupasuka.

Wenye sola, tahadharini. Risiva hizi hazitumii volti 12 ya betri moja kwa moja. Zinahitaji inveta, na wati zake ni nyingi. Someni namba ya wati nyuma, mlinganishe na betri yenu. Sola ndogo ya taa tatu na simu haiwezi mzigo huu.

Wenye stima, ikipotea, chomoeni. Hurudi kwa kishindo. Wingu likianza kunguruma, chomoeni na erio pia.

MALI YA KIKUNDI IWE YA KIKUNDI

Hata mashini safi inaweza kuvunja kikundi. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti. Waliokwenda kununua wawe wawili au watatu, na mmoja wao awe amesoma ukurasa huu. Katika mwethya kila mtu analeta jembe lake, na mashini hii pia itunzwe hivyo, zamu kwa zamu. Andikeni katika kitabu cha kikundi inakaa kwa nani, nani ana zamu ya kufuta vumbi, na pesa ya fyuzi inatoka wapi.

Mtauliza, na wale akina mama wa Makueni je? Hawakukata tamaa. Spika zao zilikuwa nzima, wakazihifadhi. Walipovuna maembe tena walirudi mjini, mama mweka hazina akiwa na tochi mkononi. Alituambia kwamba muuzaji alipoanza kusifu uso wa risiva, yeye alimjibu, "Mwanangu, hebu igeuze kwanza nione nyuma."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Tunataka risiva kwa kazi gani? Je, redio ndogo ingetosha?
2. Stima yetu inatoka wapi, na inaweza wati ngapi?
3. Nani kati yetu, au karibu nasi, ni fundi tunayemwamini?
4. Ikiharibika mwezi ujao, tutatengeneza kwa pesa gani?