Zuolojia ya Fasti Iya: Mende Ako na Meno Kwa Tumbo

Wasee wakiskia unasomea zuolojia kampo, swali ya kwanza ni, "So utakuwa unachunga simba Tsavo?" Ya pili inakujanga na sauti ya matanga: "Kwani ulikosa medisini?" Mi huwaambia tu ukweli, simba bado hatujamfikia. Fasti iya yote ni ya wanyama wenye hakuna mtalii hulipa doh kuwaona: sponji, minyoo, konokono, kupe, mende, mbu. Na hii kozi naipendea hao wadogo, ju ndio majirani wetu wa ukweli. Tunaishi nao keja moja, na wengine tunagawana nao hadi damu.

Cheki hesabu. Spishi za wanyama zenye zishapewa majina zimepita milioni 1, na wengi wao ni wadudu. Wenye uti wa mgongo wote, kuanzia omena hadi ndovu, ni kama 5 tu kwa kila 100. Ukijua twiga wa bob, kifaru wa kobole, simba wa ashuu na ndovu wa mbao, umejua wale wa kwa koini. Stori kubwa iko chini ya sinki.

Prakti yenye hubadilisha watu ni ya mende. Pale kampasi ya Chiromo mnapangwa na makoti meupe, kila mbogi na sahani yake ya nta, pini, fosepu na mkasi mdogo. Mende mwenyewe ni yule mkubwa wa choo, mwekundu-mwekundu, Periplaneta americana. Ashalala na klorofomu. Unamweka tumbo chini, unamshikisha na pini, unamwaga maji hadi afunikwe, alafu unapita na mkasi pande zote mbili mos mos, ukiinua ngozi ya mgongo bila kurarua. Juu unapata mafuta meupe. Ukiyatoa, hapo ndio kila mtu hunyamaza. Chini ya maji kuna nyuzi nyembamba za rangi ya silva, zimejigawa zikaingia kila kona ya mwili. Zinang'aa ju ndani yake ni hewa tupu.

Mende hana mapafu. Anavutia hewa kwa vishimo vya pembeni, jozi 10, na hizo nyuzi zinapeleka oksijeni direkti hadi kwa misuli. Ndio maana damu yake si red: kazi ya kubeba oksijeni haiko kwa damu. Moyo ni mrija mrefu umelala mgongoni, na vyumba 13. Ukifuata njia ya chakula unafika kwa firigisi, unaipasua, na ndani unapata meno 6 yamepangwa kwa duara. Meno, kwa tumbo! Dem wa mbogi yetu mwenye alikuwa ameapa hawezi gusa mende ndio huyo alishika fosepu hadi labu ikafungwa.

Alafu unachora. Wengi huchukia hii part, mi naiona ndio roho ya kozi. Penseli iliyochongwa poa, mistari safi, hakuna shedi, hakuna rangi, mistari ya lebo isikatane, na uandike umekuza mara ngapi. Simu inapiga picha ya kila kitu, lakini mkono unachora tu chenye jicho limeona. Ukiwa hujaona mguu wa mende umeshikana wapi na kifua, penseli itasimama hapo hapo, itabidi urudi kuangalia tena.

Na majina ya Kilatini, pia nayo ni noma ukianza. Jenasi na herufi kubwa, spishi na ndogo, na ukiandika na mkono unapiga mstari chini. Hii mambo iliwekwa rada na msee wa Uswidi, Carl Linnaeus, na majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia kitabu yake ya 1758. Kwa hiyo hiyo kitabu ndio aliandika jina Homo sapiens, na ndio aliandika jina la spishi, americana, la huyu mende wa choo. Sisi na yeye tulisajiliwa siku moja. Hiyo stori ikiingia kwa kichwa, huwezi tena sema kuna mnyama wa maana na wa bure.

Rudi mtaani sasa na hayo macho. Mbu ametua kwa ukuta ya keja: akiwa ameinua makalio juu, huyo ni Anopheles, wa malaria, akilala sambamba na ukuta, huyo ni Culex, na hapa Nai ndio unapatana naye sana, ju anazaliana kwa mitaro chafu. Wote, wenye wanakunywa damu ni madem peke yao. Mvua ikinyesha alafu ile Nairobi flai ikukalie shingo, usiipige kofi. Ni mbawakawa, mabawa yake amekunja chini ya vifuniko vifupi, na sumu iko ndani ya mwili. Ukimponda ndio unajichoma. Mpulize aende. Kila msee wa Nai ashaona rafiki na alama ya hiyo kitu usoni, lakini wangapi waliambiwa kwa nini?

Kuna mwingine hunikosesha usingizi: mnyoo wa kichocho. Unatoka kwa konokono wa maji, unatoboa ngozi yako ukiwa umesimama tu kwa maji, husikii hata uchungu wa maana. Ndani ya mishipa ya damu, dume na jike wanakaa wameshikana, jike mwembamba ndani ya mfereji wa mwili wa dume, miaka na miaka, akitaga mayai kila siku. Na yale mayai ndio hukuumiza: yanakwama kwa ini ama kwa kibofu. Wasee wa kuosha magari kwa ziwa pale Kisumu wanaijua hii ngoma na miili yao. Huyo si mnyama wa kitabu, ni mnyama wa kazi ya mtu.

So mathe ya mtu akiuliza hii zuolojia itanilisha aje, mi huanza na Wangari Maathai. Digrii yake ilikuwa ya bayolojia, na 1971 akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa anatomia ya mifugo. Siku moja alikuwa ocha akikusanya kupe kwa utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe. Akicheki chini kwa ajili ya kupe, akaona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda, miti imeisha. Hiyo ikawa moja ya mizizi ya Green Belt, harakati yake ya kupanda miti, 1977, na 2004 akabeba Nobeli. Thomas Odhiambo naye alikuwa msee wa wadudu. 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na leo iko Kasarani, Duduville, ambapo watu wanalipwa kuelewa nondo wa mahindi na nzi wa maembe. Hao wawili hawakuanza na simba.

Kwa mwenye ameitwa kusoma hii kozi mwaka huu: usikariri faila, yale makundi makubwa ya wanyama, siku mbili kabla ya keti, hazikaangi kichwani. Bandika kila moja kwa mtu unajua. Anelida ni nyungunyungu wa shamba ya shosho. Moluska ni pweza wa Mombasa na konokono wa sukuma. Nunua penseli poa kabla ya kununua koti poa. Na mkipewa chura, usikimbilie kukata, kwanza muangalie akipumua na koo.

Mi seko iya nachukua parasaiti. Leki wetu wa minyoo anatafuta wanafunzi wa kuenda naye Mwea kuchota konokono kwa mitaro ya mpunga likizo ikifika, na nishaandika jina.